Haiba na Kauli: Mchezo wa Kumsoma Mkana Mungu kupitia Jumbe Zake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mchezo wa kubuni wasifu wa haiba ya mtu kutokana na jumbe fupi anazoziandika katika mitandao ya kijamii. Kielelezo kikuu ni jumbe za Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza na mkana Mungu mashuhuri, zilizotolewa kati ya mwaka 2013 na mwaka 2021. Inadaiwa kwamba sifa nyingi ambazo mchezo huo huzihesabu kuwa za mtu ni sifa za utanzu anaoutumia, za ufinyu wa nafasi ya kuandikia na za hadhira asiyoiona. Aidha, inaonyeshwa kwamba zana za kuhesabu maneno haziwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila marekebisho, na kwamba mchezo huo ukishikwa na mwenye mamlaka hugeuka hukumu, kama ilivyodhihirika katika kisa cha Mubarak Bala wa Nigeria.

1.0 Utangulizi

Tangu zamani Waswahili wamempima mtu kwa ulimi wake. Huyu huitwa msema ovyo, yule mpole wa kauli, na mwingine husemwa kuwa mdomo wake mkali lakini moyo wake mweupe. Kipimo hiki cha tatu ndicho chenye hekima zaidi, kwa sababu kinatambua kwamba mdomo na moyo ni vitu viwili, na kwamba anayesikia kimoja hajakiona kingine.

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili suala hili si geni. Msomaji wa Kichwamaji (1974) hukabiliwa na kishawishi cha kumtafuta Kezilahabi ndani ya Kazimoto, hasa kwa kuwa mhusika huyo husimulia kwa nafsi ya kwanza na imani yake kwa Mungu imeyumba. Wahakiki wamejifunza kuwa waangalifu: nafsi inayosema katika kazi ya fasihi si lazima iwe nafsi ya mtunzi. Uangalifu huo, hata hivyo, hutoweka mara tu kauli inapotolewa nje ya fasihi. Mtu akiandika sentensi mbili chini ya jina lake halisi, wasomaji huamini kwamba wamekwisha kumwona mzima mzima: hasira zake, malezi yake, hata usingizi wake.

Richard Dawkins ni kielelezo kinachofaa kwa sababu tatu. Kwanza, jumbe zake zimejadiliwa hadharani kwa miaka mingi, hivyo mtafiti hachungulii maisha ya faragha ya mtu. Pili, yeye ni mwandishi wa vitabu virefu, na kwa hiyo kauli zake fupi zinaweza kulinganishwa na kauli zake ndefu. Tatu, ukana Mungu wake huwafanya wasomaji wawe wepesi zaidi kumpa haiba kabla ya kumsoma. Ikumbukwe pia kwamba alizaliwa Nairobi mwaka 1941, baba yake, ofisa wa kilimo katika Nyasaland (Malawi ya leo), alipokuwa ameitwa kulitumikia jeshi la King's African Rifles. Familia ilirejea Uingereza mwaka 1949. Alipata umaarufu kwa The Selfish Gene (1976), akawa profesa wa uelewa wa sayansi kwa umma katika Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2008, na katikati ya kipindi hicho akachapisha The God Delusion (2006).

Dai la makala haya si kwamba maneno hayasemi lolote kuhusu msemaji. Dai ni kwamba yanasema kidogo kuliko yanavyodhaniwa, na kwamba tofauti baina ya kidogo hicho na kingi kinachodhaniwa huweza kumgharimu mtu uhuru wake.

2.0 Jina Kabla ya Haiba

Kabla ya kuzichunguza jumbe zenyewe, inafaa kuyatazama majina ambayo Kiswahili humpa mtu wa aina hii, kwani jina ni wasifu wa kwanza.

Neno mkana Mungu limeundwa kutokana na kitenzi kana. Kitenzi hiki hakitumiki kwa jambo lisilojulikana. Mtu hukana deni, hukana shitaka, hukana mtoto, hukana kauli aliyoitoa jana. Katika miktadha yote hiyo, anayesikia hudhani kwamba kitu kinachokanwa kipo, au angalau kwamba kuna ushahidi wa kutosha wa kumtia anayekana mashakani. Mkana deni si mtu asiye na deni. Ni mtu anayeshukiwa kuwa nalo na asiyetaka kulilipa. Hivyo basi jina mkana Mungu humchora mtu akiwa katika tendo la ukaidi, hata kama yeye mwenyewe angependa kueleweka kuwa amefikia tu uamuzi fulani baada ya kufikiri.

Majina mengine hayana nafuu. Kafiri, lenye asili ya Kiarabu, linatokana na mzizi wenye dhana ya kufunika: aliyeiona kweli akaifunika. Mlahidi, nalo la asili ya Kiarabu, lina dhana ya kupotoka njia. Asiyeamini ni kirai kinachomtaja mtu kwa kile anachopungukiwa. Lugha nyingine pia zina majina ya ukanushi. Neno linalotumika katika lugha nyingi za Ulaya lina asili ya Kigiriki na huanza na kiambishi cha ukanushi. Hata hivyo, kukosa na kukana ni mambo mawili tofauti, na Kiswahili kimechagua kukana.

Sarufi ya kitenzi amini inaongeza uzito. Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Siamini kwamba Mungu yupo.
(b) Simwamini Mungu.

Sentensi (a) inahusu ukweli wa hoja. Sentensi (b) ina kiambishi cha mtendwa -mw-, ambacho hutumika kwa viumbe wenye uhai na nafsi. Msikilizaji wa (b) husikia uhusiano baina ya watu wawili uliovunjika, sawa na anayesema simwamini jirani yangu. Kwa hakika, msemaji hawezi kumwamini au kutomwamini mtu ambaye kwake hayupo. Katika mazungumzo ya kawaida (b) ndiyo fupi na ndiyo inayokuja ulimini upesi. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekusudia kutoa rai husikika kama mtu mwenye kinyongo. Ikiwa msomaji wa haiba ataandika katika daftari lake kuwa mtu huyu ana uchungu, atakuwa ameisoma sarufi akadhani amesoma moyo.

3.0 Mchezo na Kanuni Zake

3.1 Asili ya mchezo

Wanasaikolojia wengi huieleza haiba kwa vipimo vitano vipana: uwazi wa kupokea mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, ukunjufu kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Wataalamu kama James Pennebaker wa Marekani walionyesha kwamba maneno madogo ambayo msemaji hayafikirii, kama viwakilishi na viunganishi, yana uhusiano na hali ya msemaji, na programu za kuyahesabu zikaundwa. Baadaye yakatokea matumizi ya kibiashara. Kampuni ya IBM, kwa mfano, ilikuwa na huduma iliyopokea matini na kurudisha wasifu wa haiba ya mwandishi. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2021. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi hadi burudani: chukua jumbe za mtu maarufu, zitie katika mashine au katika akili ya wacheshi, upate mtu.

Wakana Mungu hawakuachwa nje. Utafiti wa Ritter, Preston na Hernandez uliochapishwa mwaka 2014 ulichambua karibu jumbe milioni 2 za watumiaji zaidi ya 16,000 wa Twitter. Waliwalinganisha wafuasi wa Wakristo mashuhuri watano na wafuasi wa wakana Mungu mashuhuri watano, Dawkins akiwamo. Iligunduliwa kwamba kundi la kwanza lilitumia zaidi maneno ya furaha na ya uhusiano wa kijamii, na kundi la pili lilitumia zaidi maneno ya uchanganuzi. Utafiti huo una thamani yake kwa kuwa unahusu makundi makubwa na tofauti za wastani. Kosa hutendeka pale mcheshi anapoichukua tofauti ya wastani akaivisha mtu mmoja kama kanzu. Zaidi ya hayo, kumfuata mtu katika mtandao si kumwamini. Mhubiri huweza kumfuata Dawkins ili apate cha kujibu Jumapili.

3.2 Onyo la Forer

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha akampa kila mmoja wasifu ulioandikwa kana kwamba ni wake peke yake. Wanafunzi waliupima usahihi wa wasifu huo kwa alama 0 hadi 5, na wastani ukawa zaidi ya alama 4. Kumbe wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, yaliyokusanywa kutoka katika kitabu cha unajimu. Funzo ni kwamba wasifu ukisifiwa kuwa umempata mtu barabara, haijathibitika bado kwamba umempata yeye. Huenda umempata kila mtu.

3.3 Tatizo la kuhesabu katika Kiswahili

Mtafiti anayetaka kuutumia mchezo huu kwa matini za Kiswahili hukutana na kikwazo cha kimofolojia. Programu ya kawaida huhesabu maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi, kisha hutafuta mimi, wewe, si, na kadhalika. Lakini katika neno sikukuambia kuna viambajengo vifuatavyo: si- (ukanushi na nafsi ya kwanza umoja), -ku- (wakati uliopita katika ukanushi), -ku- (nafsi ya pili mtendwa), -ambi- (shina) na -a (kiishio). Mashine itahesabu neno moja na haitaona mimi wala wewe, ilhali msemaji amejitaja, amemtaja mwenziwe na amekanusha. Kinyume chake, mimi inapojitokeza peke yake katika Kiswahili huwa aghalabu ni ya msisitizo au ya kulinganisha: mimi sikukuambia. Kwa hiyo kuhesabu mimi pekee kutampa kila Mswahili haiba ya mtu asiyejijali kabisa, isipokuwa siku anapobishana.

4.0 Jumbe Zenyewe

Hadi Novemba 2017 ujumbe wa Twitter (mtandao uliobadilishwa jina kuwa X mwezi Julai 2023) haukuruhusiwa kuzidi herufi 140. Baada ya hapo ukomo ukawa 280 kwa lugha nyingi. Jumbe za Dawkins zilizozua mjadala zinaweza kugawanywa katika aina nne kwa kuzingatia umbo.

4.1 Ulinganishi

Mwezi Agosti 2013 Dawkins aliandika kwamba Waislamu wote duniani wamepata tuzo chache za Nobel kuliko Chuo cha Trinity cha Cambridge, akaongeza kwamba hata hivyo walifanya makubwa katika Zama za Kati. Kimuundo hii ni tabaini: pande mbili zinawekwa sambamba ili tofauti iseme yenyewe. Kasoro yake ni ya kimantiki kabla ya kuwa ya kihaiba. Upande mmoja ni umma mkubwa wa watu, wengi wao wakiwa katika nchi zilizotoka ukoloni juzi. Upande wa pili ni taasisi tajiri inayochagua walio bora na kuwakusanya kwa karne kadhaa. Tuzo hizo ni chache pia miongoni mwa makundi mengine makubwa yasiyo ya Waislamu. Wasomaji wengi waliruka hatua ya mantiki wakaenda moja kwa moja kwenye moyo wa msemaji.

4.2 Ngazi za ubaya

Mwezi Julai 2014 alitoa mfululizo wa jumbe zenye umbo la kimantiki: jambo la kwanza ni baya, la pili ni baya zaidi, kusema hivyo si kulihalalisha la kwanza. Alitumia mifano ya ubakaji. Kwa mantiki tupu hoja haina kasoro. Lakini alimalizia kwa kumtaka asiyeielewa aende akajifunze kufikiri. Hapo kauli ilihama kutoka katika hoja ikaingia katika karipio, na mifano yenyewe haikuwa herufi tupu za aljebra kwa wasomaji waliowahi kutendewa unyama huo.

4.3 Swali la mtihani

Mwezi Februari 2020 alitofautisha kulaani kwa sababu za kimaadili uzalishaji wa binadamu kwa uteuzi, na kudai kwamba hauwezi kufanya kazi, akitaja ng'ombe, farasi na waridi. Mwezi Aprili 2021 alimlinganisha Rachel Dolezal, mwanamke wa Marekani aliyejitambulisha kuwa mweusi, na watu wanaojitambulisha kwa jinsi nyingine, akafunga kwa amri ya neno moja lenye maana ya jadilini. Chama cha Wahumanisti cha Marekani kiliifuta tuzo kiliyompa mwaka 1996. Yeye alieleza kwamba hakukusudia kuwadunisha watu hao, na kwamba swali lake la kitaaluma lilikuwa limeeleweka vibaya.

Mwanafunzi yeyote wa fasihi Afrika Mashariki analijua neno jadili linapokaa mwishoni mwa swali la mtihani. Linamwambia: dai lililotangulia si lazima liwe la mtahini, kazi yako ni kulipima. Katika chumba cha mtihani kila mtu anaijua kanuni hiyo. Barabarani hakuna anayeijua. Mtu akisimama sokoni akatoa dai linalowagusa waliopo kisha akasema jadilini, waliopo watasikia dai, hawatasikia swali.

4.4 Jibu kwa mtu mmoja

Mwezi Agosti 2014 mwanamke mmoja alisema kwamba hangejua la kufanya iwapo angekuwa na mimba ya mtoto mwenye hali ya Down. Dawkins alimjibu kwamba aitoe ajaribu tena, na kwamba kumleta mtoto huyo duniani ilhali mtu ana hiari kungekuwa kinyume cha maadili. Wazazi wa watoto wenye hali hiyo waliumia sana. Siku iliyofuata alichapisha maelezo marefu, akakiri kwamba maneno yake yalikuwa rahisi kueleweka vibaya, akaandika kile ambacho angekisema kama kusingekuwa na ukomo wa herufi, na akaeleza kwamba alidhani jibu lingeonwa na wachache tu. Ufafanuzi huo ulilainisha sauti bila kubadili msimamo wake wa msingi. Hapa ndipo tofauti ya sauti na msimamo inapoonekana wazi. Ukali uliosomwa kuwa haiba ulipungua nafasi ilipopanuka. Rai yenyewe ilibaki, na rai ndiyo iliyostahili kujibiwa.

5.0 Wasifu na Jaribio la Kubadilisha Jina

Kwa kuzifuata kanuni za mchezo, jumbe hizo zingetoa wasifu wa namna hii:

Mhusika ana hakika kubwa na anachokijua, na huamini kwamba kweli ikisemwa waziwazi itashinda yenyewe. Hana subira na anayekataa kuelewa. Hupenda kufundisha hata asipoombwa. Huona ukungu wa fikra kila mahali isipokuwa nyumbani kwake. Akishambuliwa hueleza tena, kwa urefu zaidi, akitumaini kwamba tatizo lilikuwa ufupi. Vitu vidogo humuudhi kuliko vikubwa: mwezi Novemba 2013, aliponyang'anywa chupa ndogo ya asali katika ukaguzi wa uwanja wa ndege, aliutangazia ulimwengu kwamba huo ni ushindi wa Bin Laden. Moyoni ni mwalimu wa zamani ambaye darasa lake limejaa wapita njia.

Wasifu huu unachekesha, na anayemfahamu Dawkins atatikisa kichwa kwa kukubali. Sasa liondolewe jina lake na tukio la asali, na mahali pake awekwe mhubiri hodari wa ile mihadhara ya dini iliyopamba moto Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990. Ana hakika kubwa; huamini kwamba kweli ikisemwa waziwazi itashinda; hana subira na anayekataa kuelewa; hufundisha bila kuombwa; huona upotofu kila mahali isipokuwa kwake; darasa lake limejaa wapita njia. Hakuna sentensi hata moja iliyodondoka. Wasifu uliotungwa kumweleza mkana Mungu umemtoshea mpinzani wake mkubwa bila kupunguzwa wala kuongezwa. Kinachowaunganisha wawili hao ni kazi waliyoichagua, yaani ubishi wa hadharani, na utanzu unaoitumikia kazi hiyo. Imani, au kutokuwa nayo, haionekani mahali popote katika wasifu.

Kuna ujumbe mmoja unaouweka mchezo huu katika mizani kwa namna ya pekee. Mwezi Julai 2018 Dawkins alisikiliza kengele za kanisa kuu la Winchester, akazisifu kuwa nzuri kuliko takbira, ambayo aliiona ina sauti ya ukali. Kisha akauliza: au ni malezi yangu tu ya kitamaduni? Wengi walioujadili ujumbe huo walikamata nusu ya kwanza, wengine kwa hasira na wengine kwa furaha. Swali la mwisho liliachwa, ingawa ndilo sehemu pekee ambamo msemaji anaigeukia nafsi yake na kuihoji. Lipo uwezekano kwamba swali hilo ni la balagha, la kujikinga baada ya kurusha jiwe. Lipo pia uwezekano kwamba ni swali la kweli, kwani mwaka 2024 alijitaja hadharani kuwa Mkristo wa kitamaduni, mpenda nyimbo na makanisa bila kuamini. Mhakiki hana budi kuyaweka mezani yote mawili. Mchezo wa haiba, kwa sababu unahitaji jibu moja, hulazimika kulitupa swali.

6.0 Kijembe, Mlengwa na Mtoa Tunzo

Utamaduni wa Waswahili una ujuzi mkubwa wa kauli fupi inayochoma. Majina ya kanga, mafumbo, na mashairi ya malumbano tangu enzi za Muyaka wa Mombasa yanaonyesha kwamba ufupi na ukali vinaweza kuwa sanaa yenye kanuni. Katika kanuni hizo, maana ya kijembe haikai kwa mtunzi peke yake.

Mfano bora ni utunzaji katika taarabu. Mwimbaji huimba ubeti usiomtaja mtu. Msikilizaji akiinuka wakati mstari fulani unaimbwa, akaenda kutoa tunzo huku akimtupia jicho mbaya wake, mstari huo hupata mlengwa. Ukumbini wote wanajua nani kasema nini kwa nani. Mtunzi wa shairi, aliyelitunga pengine miaka iliyopita kwa sababu nyingine kabisa, hahesabiwi kuwa ndiye mgomvi wa usiku ule. Mgomvi ni mtoa tunzo.

Mtu anayeusambaza ujumbe wa mwingine katika mtandao anafanya kazi ya mtoa tunzo. Anauchukua mstari, anauinua, anaugeuza uso wake kuelekea kwa mbaya wake. Tofauti ni kwamba ukumbi wa mtandao hauna kuta, na watazamaji humhesabia mtunzi tunzo zote zilizotolewa. Ujumbe uliosambazwa na wachukia Waislamu na ujumbe huo huo uliosambazwa na Waislamu waliokasirika hutendwa kama kauli mbili zenye maana mbili, lakini haiba inayosomwa ni ya mtu mmoja asiyekuwapo katika ugomvi wowote kati ya hizo mbili.

Hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi kamili. Mwimbaji anayejua kwamba kila akiimba mstari fulani ugomvi huzuka, naye akaendelea kuuimba kwa miaka minane, hawezi kudai kwamba hajui ukumbi. Jumbe za Dawkins zinarudia umbo lile lile baada ya kila maelezo marefu. Urudiaji huo ni ushahidi, na ni ushahidi halali. Unachothibitisha, hata hivyo, ni mazoea ya usemi: mtu aliyezoea kusema katika darasa na asiyebadili sajili anapotoka nje. Hauthibitishi ukatili wala hauthibitishi ukosefu wa huruma.

7.0 Mchezo Unapogeuka Cheti

Kwa Dawkins mchezo huu uligharimu mialiko kadhaa na tuzo moja. Gharama yake mahali pengine imekuwa nzito.

Mubarak Bala, mhandisi wa kemikali kutoka Kano, Nigeria, alitangaza kwamba hana tena imani. Mwezi Juni 2014 familia yake ilimpeleka hospitalini, akawekwa katika wodi ya wagonjwa wa akili bila ridhaa yake. Kwa mujibu wa taarifa za watetezi wake, daktari mmoja alikuwa amemwona mzima. Mwingine aliuchukua ukana Mungu wake kuwa dalili ya kubadilika kwa haiba. Aliachiwa mwanzoni mwa Julai. Baadaye akawa rais wa Chama cha Wahumanisti cha Nigeria. Mwezi Aprili 2020 alikamatwa kwa sababu ya jumbe zake za Facebook kuhusu Uislamu na Mtume Muhammad. Mwezi Aprili 2022 mahakama kuu ya Kano, baada ya yeye kukiri mashitaka 18, ilimhukumu kifungo cha miaka 24. Mwezi Mei 2024 mahakama ya rufani iliipunguza adhabu hiyo hadi miaka 5, na hatimaye akaachiwa.

Makala haya hayahukumu iwapo maneno ya Bala yaliwaumiza waumini. Maneno huumiza, na jamii ina njia zake za kuyajibu. Linalotiliwa mkazo ni mfuatano wa hatua. Kwanza kauli ilisomwa kuwa haiba. Kisha haiba ikasomwa kuwa ugonjwa. Baadaye kauli nyingine zikasomwa kuwa jinai. Hatua ya kwanza ndiyo ile ile ya mchezo wa kuchekesha uliofafanuliwa hapo juu. Hakuna kilichoongezwa ila mhuri wa hospitali. Mtu akishaitwa mgonjwa, hoja yake haihitaji tena kujibiwa, kwa sababu homa haijibiwi, hutibiwa.

Hapa mjadala wa sehemu ya 2.0 unarudi kwa uzito wake. Katika lugha ambayo jina la mtu tayari linamchora akiwa mkaidi, na ambayo sentensi yake fupi ya kutoamini inasikika kama kinyongo, umbali kati ya rai na ugonjwa ni mfupi zaidi. Mwanaisimu hana uwezo wa kuzuia hukumu za mahakama. Ana uwezo wa kuonyesha mahali ambapo sarufi imehesabiwa kuwa tabia.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unapendekeza vipimo vitatu kwa yeyote anayetaka kuisoma haiba ya msemaji kutokana na kauli zake fupi. Kipimo cha kwanza ni kubadilisha jina: wasifu ukimtosha mpinzani wa mhusika, haujamweleza mhusika. Cha pili ni kumrudisha mpokeaji: iulizwe kauli ilielekezwa kwa nani, katika nafasi ya ukubwa gani, na ni nani aliyeiinua mbele ya wengine. Cha tatu ni kukihesabu kilichoachwa: swali la mwisho, maelezo ya siku iliyofuata, kitabu kirefu ambacho hakuna aliyekifungua. Kwa matini za Kiswahili kinaongezwa sharti la kuhesabu viambishi, si maneno yaliyotenganishwa kwa nafasi.

Vipimo hivi vikitumiwa kwa Dawkins, wasifu mrefu na wa kuchekesha hupungua hadi sentensi chache: msemaji huyu hutumia sajili ya darasani mbele ya umma, hupenda tabaini na swali la mtihani, na haibadili sajili hiyo hata inapomletea hasara. Huo ni wasifu mwembamba kuliko ule wa sehemu ya 5.0, nao hauwezi kumvunja mtu mbavu kwa kicheko. Lakini hauwezi pia kumpeleka mtu wodini. Watafiti wa Kiswahili, ambao matini za mitandao zinazidi kuwa data yao ya kila siku, watalazimika kuchagua ni wasifu upi wanaouita matokeo ya utafiti.